«Dahua Xiyou» nyumbani: juu ya diski, tafsiri na kicheko

Tunapohukumu filamu ya kigeni, tumezoea kusema juu ya hadithi, waigizaji na picha, kisha tunanyamaza. Diski au kaseti iliyotuletea filamu hiyo nyumbani haipati hukumu ila moja: picha ni safi, au picha ni chafu. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba, kwa filamu ya kuchekesha, hukumu hiyo ni pungufu. Asiyejua lugha ya filamu hana filamu nyingine ila ile aliyopewa na tafsiri. Tafsiri ikikosea, ataona watu wakiruka angani wala hatajua kwa nini wenzake wanacheka. Mfano wetu ni filamu ya Kichina ya mwaka 1995, iitwayo «Dahua Xiyou», ambayo sifa yake yote iliipata nyumbani kuliko ukumbini.

1. Filamu na safari yake

Filamu hii ina sehemu mbili, zote za mwaka 1995. Iliongozwa na Jeffrey Lau wa Hong Kong, na mwigizaji wake mkuu ni Stephen Chow. Picha zilipigwa katika jangwa la Ningxia, kaskazini-magharibi mwa China. Chimbuko lake ni «Xiyou ji», yaani «Safari ya Magharibi», riwaya ya karne ya 16 ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya Wu Cheng'en. Riwaya yasimulia jinsi mtawa alivyokwenda kutafuta vitabu vitakatifu vya Kibudha, akisindikizwa na Sun Wukong, mfalme wa nyani mwenye nguvu za ajabu.

Jeffrey Lau alikigeuza kisa hicho. Nyani amemsaliti mwalimu wake. Mtawa anatoa uhai wake ili mwanafunzi asiangamizwe. Na baada ya miaka 500 nyani anazaliwa upya kama mkuu wa genge la wanyang'anyi jangwani, asiyekumbuka kwamba aliwahi kuwa nani. Anampenda Bai Jingjing, mwanamke wa jamii ya mashetani. Mwanamke huyo anapojiua, yeye anashika sanduku la ajabu lenye kurudisha wakati nyuma, ili awahi kumwokoa. Analifungua mara kwa mara, na kila mara anachelewa kidogo, mpaka linamtupa nyuma miaka 500, anakokutana na Zixia, ambaye hakumtafuta lakini ndiye aliyeandikiwa.

Huko China bara, filamu hii haikupokewa vizuri ilipotoka. Iliokolewa na diski ndogo ziitwazo VCD, nyingi zikiwa nakala zisizo halali, na vilevile na televisheni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanafunzi wa vyuo vikuu vya Beijing waliitazama vyumbani mwao, wakakariri maneno yake na kuyaandikiana kwa kompyuta. Mtu mwenye maneno mengi aliitwa «Tang Seng», jina la yule mtawa. Sifa ilikua hata filamu ikarudishwa kwenye majumba ya sinema ya China mwaka 2014, na tena mwaka 2017 kwa toleo lililorefushwa. Kwa hiyo tunaposema juu ya toleo la nyumbani la filamu hii hatusemi juu ya kivuli chake. Pale nyumbani ndipo ilipopata watu wake.

2. Jina la filamu na jina la mtu

Tuanze na jalada. Kule Hong Kong, sehemu ya kwanza ilitangazwa kuwa sura ya 101 ya «Safari ya Magharibi». Kila aliyesoma shule katika nchi za Kichina anajua kwamba riwaya hiyo ina sura 100. Basi mzaha umeanza kabla picha ya kwanza haijaonekana: mwelekezi anatuahidi sura isiyokuwapo. Neno «dahua» nalo lina maana ya maneno makubwa yasiyo na dhamana, yale tunayoyaita porojo. Jalada la Kiingereza limeyafuta yote mawili. Filamu inaitwa «A Chinese Odyssey», na sehemu ya kwanza «Pandora's Box». Mtazamaji amepelekwa kwa Wagiriki, kwa Homer na kwa mwanamke aliyefungua chombo cha maovu. Lakini sanduku la filamu halitoi maovu. Ni «sanduku la mwanga wa mwezi», nalo kazi yake ni kumpa binadamu nafasi ya pili. Mfasiri alitafuta jina litakalojulikana, akapata jina linalopotosha.

Hata hivyo tusimlaumu kwa yote. Shujaa wa filamu anaitwa Zhizunbao. Tafsiri ya neno kwa neno ingekuwa «Hazina Kuu», na isingechekesha mtu. Ila katika mchezo wa Kichina wa vipande viitwao pai gow, hilo ni jina la jozi inayoshinda zote. Ni jina la mcheza kamari, linalomfaa mnyang'anyi mwenye majivuno. Tafsiri ya Kiingereza imemwita «Joker», karata ya mzaha iwezayo kuchukua nafasi ya karata yoyote. Kutoka mchezo mmoja mfasiri amehamia mchezo mwingine, na amepata ziada: huyu ni mtu ambaye bado hajajua kwamba yeye ni nani. Hiyo ni tafsiri ya kweli, maana haikuhamisha neno, imehamisha kazi ya neno. Sisi tungeweza kumwita Turufu, wala hakuna mcheza karata wa Kiswahili ambaye angehitaji maelezo.

3. Sauti mbili

Hong Kong husema Kikantoni, lugha yenye toni sita. China bara lugha ya taifa ni Kimandarini, yenye toni nne. Lugha hizi mbili huandikwa kwa herufi zilezile kwa sehemu kubwa, lakini wasemaji wake hawasikilizani. Kwa hiyo filamu ina sauti mbili. Katika Kikantoni twamsikia Stephen Chow mwenyewe, mkavu, anayesema upuuzi kama mtu anayetoa habari za kila siku. Katika Kimandarini twasikia sauti ya Shi Banyu wa Taiwan, nyembamba, yenye kicheko kinachopanda. Ipi ni ya asili? Mwanaisimu atajibu haraka: Kikantoni. Lakini wale vijana wa Beijing walikariri maneno ya Shi Banyu, na kwao hiyo ndiyo sauti ya Stephen Chow. Toleo linalotoa sauti moja tu, yoyote kati ya hizo, limetoa nusu ya historia ya filamu.

Hapa chombo chenyewe kina neno. VCD, iliyowekewa kanuni mwaka 1993, huchukua takriban dakika 74 za picha na sauti. Kwa hiyo kila sehemu ya filamu hii ilikatwa kwenye diski mbili, na mtazamaji akasimama katikati ya kisa kwenda kubadili. Picha yake ina mistari 288 kwa kipimo cha PAL, na vumbi la jangwa hugeuka kuwa vijisanduku. Pamoja na umaskini huo, watengenezaji wa Hong Kong walikuwa na hila nzuri: mara nyingi walitia Kikantoni katika njia moja ya sauti na Kimandarini katika njia ya pili, kushoto na kulia. Mwenye kusahau kubonyeza kitufe alisikia wote wawili wakibishana. DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, yaweza kubeba njia nane za sauti na safu 32 za maandishi. Nafasi hiyo ikiachwa tupu, ung'avu wa picha hautalipa deni. Afadhali vijisanduku vya vumbi pamoja na sauti mbili, kuliko jangwa linalong'aa lenye sauti moja.

4. Mtawa asiyenyamaza

Tufike sasa kwenye kitovu cha kicheko. Mtawa wa filamu hii, anayeigizwa na Law Kar-ying, ni mwema kupita kiasi, na anasema kupita kiasi. Jambo la neno moja yeye hulisema kwa maneno kumi, kisha huuliza kama umelielewa, kisha hulirudia. Shetani anayemlinda mateka huyo hawezi kuvumilia, anajiua. Kicheko hakimo katika maana ya maneno ya mtawa, kwa sababu maana ni ndogo mno. Kimo katika urefu wake.

Kila mwenye kufundisha tafsiri hufundisha kwamba maandishi ya chini ya picha yawe mafupi: mistari miwili, jicho lisome na kurudi kwa mwigizaji. Kanuni hiyo ni njema siku zote, ila hapa. Mfasiri mtiifu anaponya ugonjwa wa mtawa: anachukua usemi wa nusu dakika na kuufanya sentensi safi. Mtazamaji anasoma sentensi safi, anaona shetani anajinyonga, anashangaa. Kwa hiyo twasema wazi: katika kipande hiki maandishi yanapaswa kuwa mengi, yajae, yamchoshe msomaji, hata asipate kuyamaliza. Kutoyamaliza ndiko kuelewa.

Kuna jambo jingine. Mtawa huyo anaimba, akichukua «Only You», wimbo wa The Platters wa mwaka 1955, na kuuchanganya na maneno yake ya Kichina. Mtawa wa karne ya 7 anaimba Kiingereza jangwani. Katika maandishi ya Kiingereza mchanganyiko huo haupo tena, kwani yote yamekuwa Kiingereza. Sisi wa Kongo, tunaosikia kila siku sentensi inayoanza kwa Kiswahili na kuishia kwa Kifaransa, tungeutambua mchezo huu mara moja, laiti tungeonyeshwa. Herufi za mlalo zingetosha.

5. Maneno yaleyale mara mbili

Kipimo cha mwisho hakichekeshi. Katika sehemu ya pili, Zhizunbao akiwa na upanga wa Zixia shingoni anatoa usemi mrefu wa mapenzi na majuto. Ni uongo mtupu. Anatafuta kuokoa shingo yake, nasi twacheka. Baadaye, anapokubali kuvaa taji la dhahabu litakalomrudisha kuwa Sun Wukong na kumkataza mapenzi ya dunia, anausema tena. Safari hii ni kweli, na imechelewa. Filamu nzima imejengwa juu ya hapo: maneno hayakubadilika, amebadilika anayeyasema. Kutoka hapo twaenda moja kwa moja kwenye kifo cha Zixia, na kwenye wimbo wa mwisho wa Lowell Lo.

Mfasiri wa toleo la nyumbani ana wajibu mmoja tu mahali hapa: ayanakili maneno yake mwenyewe. Akipamba mara ya pili kwa kutafuta visawe, kama tulivyofundishwa sote katika insha za shule, mtazamaji hatatambua kwamba ameyasikia kabla, na mwisho wa filamu utakuwa mwisho wa mapigano tu. Kwa hiyo, anayetaka kupima diski ya filamu hii asianze na picha. Atafute vipande hivyo viwili, aviweke pamoja, asome. Kama havifanani, airudishe diski dukani.

6. Hukumu

Tumalize kwa kurudi kwetu. Mwaka 2011 tamthilia ya Kichina «Doudou na Mama Wakwe Zake» ilionyeshwa Tanzania kwa sauti za Kiswahili, ikapendwa. Ilikuwa hadithi ya mke, mume na wakwe, mambo ambayo kila nyumba inayajua. Filamu ya mashetani na mizaha ni mtihani mgumu zaidi, lakini hatuoni kwamba Kiswahili kingeshindwa. Lugha hii inayo turufu, inayo porojo, inao wazee wasionyamaza, na inajua kuchanganya ndimi. Kinachokosekana ni wafasiri waliofunzwa kuuliza swali lililo mbele ya maana: neno hili linafanya kazi gani pale lilipo?

Hukumu yetu basi ni hii. Matoleo ya nyumbani ya «Dahua Xiyou» yasipangwe kwa idadi ya mistari ya picha, bali kwa mambo manne: kama jalada limehifadhi mzaha wa sura ya 101, kama sauti zote mbili zipo, kama mtawa ameachwa aseme, na kama usemi wa uongo na usemi wa kweli umeandikwa kwa maneno yaleyale. Diski yenye hayo manne, hata ikiwa na picha hafifu, imetuletea filamu. Isiyo nayo imetuletea picha za watu wanaocheka wenyewe kwa wenyewe, nasi tumekaa nje ya mlango.