Steringi, Adui na Yule wa Katikati

Nipe filamu ya Kibongo na rimoti, nikuonyeshe dakika ambazo mwandishi alisinzia, au hakuwapo kabisa. Gari linafika getini. Honi. Mlinzi anafungua. Gari linaingia, linaegeshwa, mtu anashuka, anapanda ngazi, anabisha hodi, na mwenyeji anamwambia, "Karibu, naona umefika." Enzi za CD jambo hili lilikuwa na sababu yake ya kibiashara. Kisa kimoja kilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja ikauzwa kivyake, na muda ulibidi ujazwe na chochote. Waigizaji wengi walisimuliwa kisa kwa mdomo, kisha wakaambiwa waongee. Waliongea, na wengine waliongea vizuri ajabu, maana walikuzwa na vikundi vya maigizo. Ila kubuni maneno si kubuni kisa, na hapo ndipo ninapoanza kuitetea kazi yangu.

Mimi ni mwandishi wa miswada, na kwetu ni Singida, kwenye mawe makubwa, upepo na alizeti, mbali na kamera za Dar es Salaam. Chuo changu cha kwanza kilikuwa kibanda umiza, kibanda cha kuonyeshea video: mabenchi, jenereta, joto, na sauti ya Lufufu. Wengi wanamkumbuka Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, kama mtafsiri wa filamu za nje. Mimi namhesabu miongoni mwa waandishi. Alichukua picha ya Kihindi au ya Kichina, akaipa nia na uchungu ambao pengine mwenye filamu mwenyewe hakuufikiria, na akajua lini aache ngumi ziongee. Hadhira ile ilikuwa kali kuliko mhakiki yeyote niliyewahi kumsoma. Ilijua steringi hafi. Basi ukitaka ishike roho, lazima kuwe na kitu kingine cha kupotea: mama, heshima, rafiki. Ukikosa hicho, watu wanaanza kuulizana habari za mpira.

Lakini mwalimu mkubwa zaidi alikuwa redio. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994 tu, na huku kwetu ilichelewa kufika kwa watu wa kawaida. Michezo ya Redio Tanzania ndiyo iliyotuzoesha kumfuatilia mtu kwa miezi. Mwaka 1993 ulianza *Twende na Wakati*, mchezo uliohusu UKIMWI na uzazi wa mpango. Jirani zetu wa Dodoma waliukosa hadi 1995, kwa sababu kituo cha huko hakikuurusha ili watafiti wapate kulinganisha waliousikia na wasiousikia. Sijui kama kuna mwandishi mwingine wa Kitanzania ambaye kazi yake imewahi kupimwa kwa ukali huo!

Mchezo ule ulifuata mbinu ya Miguel Sabido wa Meksiko, nami bado naifuata, hata ninapoandika mambo yasiyohusiana na afya wala maendeleo. Kuna mhusika mwema, kuna mbaya, na kuna yule wa katikati, asiyejua aende wapi. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, alikuwa mbaya wa kupendeza, na anayeishi kando ya barabara kuu inayopita Singida kwenda Mwanza hahitaji kuelezwa yukoje. Ila mchezo haukuwa wake. Ulikuwa wa Tunu, mkewe, aliyevumilia, akasita, akaanza biashara yake ndogo, na mwishowe akamwacha. Msikilizaji alibaki kwa ajili ya kile kusita.

Huyu wa katikati ndiye tunayemsahau. Tunaandika steringi, tunaandika adui, tunawapambanisha, basi. Tamthilia za siku hizi, kama *Kapuni* na *Jua Kali* za mwongozaji Lamata, zimeanza kumrudisha, pengine kwa sababu zina vipindi vingi na mtu hawezi kuwa mwema tu wiki hadi wiki. Filamu ya *Vuta N'Kuvute* ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, ilikuwa na kibarua kigumu zaidi. Riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyoizaa inaweza kukuambia mhusika wake mkuu, Yasmin, anawaza nini. Kamera haiwezi. Naipenda filamu ile zaidi pale inapomwacha anyamaze nasi tukakisia.

Hapo ndipo ilipo raha ya ufundi huu. Mwandishi wa muswada anaandika ukurasa mzima ili mwigizaji asiseme kitu. Muswada wenyewe baadaye unafungiwa vitumbua, na sina kinyongo.

Na mkoani kwetu kuna kisa kinachosubiri mtu wa kukiandika. Miaka ya 1940 watu waliuawa vijijini Singida kwa majeraha yaliyofanana na ya makucha. Serikali ya kikoloni ilipochunguza, ilionekana baadhi ya "simba" hao ni binadamu waliojivika ngozi, wakitumwa na wenye visasi vyao. Kesi zilifika mahakamani. Wengi wanaonisikia nikikitaja wanaona filamu ya kutisha, damu na manyoya. Mimi namwona jirani anayejua ngozi imefichwa nyumba gani, na kila jioni anakaa barazani na mwenye nyumba hiyo wakizungumzia mvua. Hajaua mtu. Hajasema pia. Huyo ndiye filamu yangu. Spielberg alimficha papa wake katika *Jaws* mwaka 1975 kwa sababu yule wa mashine alikuwa akiharibika baharini, na hofu ikazidi. Mimi ningemficha simba kwa hiari.

Ningeanzia kwa mama anayeswaga mbuzi zizini wakati jua bado liko juu, na jirani huyo anayempita bila salamu. Nilipomsimulia prodyuza mmoja, aliniuliza tutahitaji simba wangapi. Nikamwambia hata mmoja. Akafikiri kidogo, akauliza kwenye bango la filamu basi tutaweka picha ya nani.