Lulanga haiko ubao tu: mawazo juu ya vitabu na disiki za nanga

Ndugu musomaji, ukifungua kitabu cha Kifaransa juu ya vyombo vya muziki vya Afrika ya kati, lulanga ya Bushi utaikuta chini ya jina la « cithare », pamoja na inanga ya Rwanda na Burundi. Jina hilo limetoka mbali. Ni kithara ya Wagiriki wa zamani, chombo chenye mikono miwili iliyosimama. Kwa neno lile moja Wazungu walizaa gitare, na walizaa pia cistre, chombo chao cha kamba za chuma kilichopendwa sana Ulaya miaka ya 1500. Lulanga yetu haina mikono na haina shingo. Ni muti uliochongwa kama kihori kidogo, na kamba moja ndefu inaenda na kurudi juu yake, ikishikwa kwa mikato ya huku na huku. Kila mwendo wa kamba unakazwa mpaka upate sauti yake.

Sisemi jina ni matusi. Ninauliza hivi: waliotuandikia habari za chombo hiki waliona nini, na waliacha nini?

Mwaka wa 1914, huko Ujerumani, Hornbostel na Sachs walitoa mupango wa kugawanya vyombo vyote vya dunia kwa namba. Nanga ya kihori ilipata namba 315. Mupango huo unasaidia sana, na makumbusho mengi yanautumia mpaka leo. Lakini angalia namna unavyofanya kazi: unauliza kamba inabebwa na nini, ubao, muanzi ao kihori. Hauulizi kamba yenyewe ni ya nini. Hauulizi vidole, wala sauti ya mutu anayepiga. Njo maana lulanga isiyo na kamba, iliyolala katika kabati ya vioo, inabaki 315 bila kasoro. Kwa muzee anayeipiga, ile ni kuni tu.

Tusiwe watu wasio na shukrani. Hugh Tracey alipita Kongo na Ruanda mwaka wa 1952 na mashini yake ya kurekodi. Alibeba pia vyuma vya kupimia sauti, sababu alijua kama mupango wa sauti unakufa pamoja na mupigaji. Mbao zinaweza kukaa miaka mia, lakini kamba ikilegea, hakuna anayeweza kusoma juu ya muti ilikuwa imekazwa namna gani. Hapo Tracey aliona vizuri kuliko wengi. Mwaka wa 1954 alianzisha nyumba ya kuchunguza muziki ya Afrika, na ile kazi yake njo iliyohifadhiwa humo.

Mumarekani Alan Merriam alikuwa Kongo na Ruanda-Urundi mwaka wa 1951 na 1952, na kati ya watu aliochunguza kulikuwa Bashi. Mwaka wa 1955 aliandika juu ya vyombo vyao na namna ya kuvipiga. Kisha, mwaka wa 1964, akatoa kitabu kikubwa akisema muziki iko na pande tatu: sauti, matendo ya watu, na mawazo yao. Kipimo hicho ni kizuri. Basi tukitumie kupima maandishi juu ya nanga. Sauti, tunayo katika disiki. Matendo, tunayo nusu: picha ya mutu ameketi, lakini ni mara chache kitabu kinaeleza kidole gani kinashika mwendo gani wa kamba. Mawazo ya mupigaji mwenyewe tunayo kidogo zaidi.

Tuchukue kamba tu. Zamani ilikuwa mushipa wa ng'ombe, ukakaushwa na kusokotwa. Siku hizi tunaona nailoni, tunaona pia waya. Watu wanasema « ni kamba tu, hakuna tofauti ». Tofauti iko. Chuma ni kizito karibu mara sita kuliko mushipa. Waya wenye unene uleule na urefu uleule, ukitaka utoe sauti ileile, utavuta muti kwa nguvu karibu mara sita. Mikato italiwa, kihori kinaweza kupasuka. Tena waya unalia muda mrefu na kwa ukali, lakini mushipa unalia na kunyamaza upesi, na maneno yanapata nafasi. Nailoni inakaribia mushipa kwa uzito, na haiogopi mvua kama mushipa, kwa hiyo simulaumu muzee anayeitia. Ninalaumu kitabu kinachoandika « kamba nane » na kufunga mulango.

Juu ya nini jambo hili ni kubwa? Sikiliza jirani zetu wa Burundi. Mwaka wa 1967 Michel Vuylsteke alirekodi huko, na disiki ikatoka Ufaransa kwa Ocora. Ndani yake iko Joseph Torobeka, anayenong'ona juu ya inanga. Mutu akinong'ona, koo lake halitoi noti yoyote. Ni hewa tu na maneno. Lakini ukisikiliza, unaapa kama ule munong'ono unaimba! Kumbe kamba njo zinaimba, na sikio linaazima noti za kamba na kuzivika maneno. Cornelia Fales aliandika juu ya ajabu hiyo mwaka wa 1995, tena mwaka wa 2002. Sasa weka waya mukali pale, piga kwa nguvu: munong'ono utazama. Ukibadilisha kamba bila kufikiri, unaweza kuua aina nzima ya wimbo, na ubao utabaki muzima.

Mifano mizuri iko. Mulokozi wa Tanzania, mutoto wa Buhaya, alichunguza tendi za nanga za kwao, na mwaka wa 2002 akatoa kitabu kinachotazama maneno pamoja na tendo la kuyatoa mbele ya wasikilizaji. Huko Rwanda, Sophie Nzayisenga alifundishwa inanga na baba yake, Thomas Kirusu. Hakungoja kitabu, mukono ulifundisha mukono.

Basi, wapendwa, ukimukuta muzee wa lulanga, usikimbilie kupiga picha ya ubao na kuondoka. Mwombe afungue kamba na kuifunga tena mbele yako. Muulize anaanza kukaza mwendo gani, na anajua namna gani kama umefika. Muulize kila mwendo anauita namna gani kwa mashi, na uandike jina hilo kama alivyolitamka. Rekodi kwanza kamba peke yake, kisha kamba na sauti. Kazi hiyo inaomba siku mbili ao tatu, na simu yenye kurekodi. Wageni walitubebea ubao mpaka Ulaya. Kamba na jina lake viko bado mikononi mwa wazee, na wazee hawatatungojea.