"Tindikali ya Chini": Istilahi Inayompotosha Mkulima wa Maboga

Kazi ya istilahi haimaliziki orodha ya maneno inapochapishwa. Humalizika kwa yule atakayeyatumia maneno hayo. Naye akiyaelewa visivyo, hasara ni yake na kosa ni letu. Twayasema haya baada ya kuisoma karatasi ya majibu ya upimaji wa udongo, aliyopewa mama mmoja wa Tandahimba aliyetaka kupanda maboga kando ya mikorosho yake. Ofisi iliyoitoa hatuitaji. Nia yetu ni kuyasahihisha maneno, wala si kumlaumu mtu.

Mstari wa kwanza wa karatasi hiyo ulisomeka hivi: "Kiwango cha tindikali: 4.8 (chini)." Mama yule alifurahi, akidhani kwamba udongo wake una tindikali kidogo na hauhitaji kutengenezwa. Kumbe mambo ni kinyume. Udongo wa 4.8 ni mchachu mno, ilhali maboga hustawi vema katika udongo ulio baina ya 6.0 na 6.8 hivi. Katika udongo mchachu namna hiyo mizizi hudumaa, na hata fosforasi iliyomo haipatikani kwa mmea ipasavyo.

Kosa limetoka wapi? Kipimo cha pH kilibuniwa mwaka 1909 na Sørensen, mwanakemia wa Denmark, naye alikipanga hivi kwamba namba hupungua kadiri asidi inavyozidi. Saba ni katikati, na kila namba moja inaposhuka, asidi huongezeka mara kumi. Kwa hiyo tofauti ya 6.0 na 4.8 si ndogo kama inavyoonekana. Ni takriban mara kumi na sita. Mfasiri aliona neno lenye maana ya "chini" akaandika "chini". Kila neno peke yake lina maana yake, lakini yalipowekwa pamoja yamesema uongo. pH si wingi wa tindikali, na haifai kufasiriwa hivyo.

Neno "tindikali" lenyewe nalo lina walakini. Kwa wananchi wengi ni yale maji makali ya betri yanayounguza ngozi. Atakayeambiwa kuwa shamba lake lina tindikali ama ataogopa bure, ama hatasadiki.

Katika uwanda wa Makonde jambo hili lina uzito wa pekee. Udongo wa huko kwa sehemu kubwa ni wa kichanga, na mvua huzama nao virutubisho. Zaidi ya hayo, wakulima wa korosho wamenyunyiza unga wa salfa kwa miaka mingi ili kuzuia ubwiriunga. Salfa inayoanguka ardhini hugeuzwa na vijidudu vya udongo kuwa asidi. Basi mwenye bustani karibu na mikorosho ndiye hasa anayehitaji majibu yasiyo na utata. Inafaa tuangalie kwamba "ubwiriunga" ni istilahi njema: aonaye majani yaliyopakaa kama unga hahitaji kufafanuliwa. Kwa nini udongo ukose neno la namna hiyo?

Karatasi ile ilikuwa na makosa mengine mawili. Iliandika "weka chokaa" bila kueleza zaidi, na chokaa ijulikanayo majumbani ni ile iliyochomwa ya kupakia kuta, ambayo ni kali. Yafaa isemwe "chokaa ya kilimo", yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa, pamoja na kilo zake kwa eneo, kwani udongo wa kichanga huharibika upesi chokaa ikizidi. Vilevile iliandika "kaboni hai", neno lisilomwambia mkulima lolote. Kinachokusudiwa ni mboji. Na kwa kawaida kaboni iliyopimwa huzidishwa kwa 1.72 ili kukadiria mboji. Akiambiwa kwamba mboji ni haba, mkulima atajua kutia samadi iliyoiva na majani yaliyooza katika mashimo ya maboga, ili udongo ushike maji na rutuba.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo:

1. Alama ya pH ibaki kama ilivyo, na mbele yake iandikwe hali ya udongo, si "juu" wala "chini": "mchachu sana", "mchachu", "wa katikati", "wenye alkali".

2. "Asidi" itumike katika vitabu vya kemia, na "uchachu" katika ushauri kwa wakulima.

3. Neno "chumvi" lisitumiwe kwa maana ya alkali, kwa kuwa udongo wa chumvi ni tatizo jingine.

Wako watakaosema kwamba "uchachu" ni neno la togwa na maziwa, halina hadhi ya kitaalamu. Sisi twaona kuwa hiyo ndiyo sifa yake. Kila aliyeonja togwa iliyolala anajua kwamba uchachu ukizidi kitu huharibika. Laiti mama yule angaliandikiwa "udongo mchachu sana", angaliitafuta chokaa majuma kadhaa kabla ya kupanda, wala asingaliishukuru namba iliyokuwa ikimwonya.