Kasha Dogo, Kadi Nzima: Namna ya Kulipima Kabla ya Kulipa

Kijana wa Kalama, kaunti ya Machakos, anayehariri video za arusi na za kwaya huwa na kompyuta inayosafiri. Wikendi iko nyumbani Kola, siku za kazi iko kwenye chumba cha kupanga Machakos mjini, na katikati kuna matatu na bodaboda. Kasha refu la kawaida halipakatiki. Laptopu inapakatika, lakini kadi yake ya michoro imeunganishwa moja kwa moja na ubao. Ikiungua au ikipitwa na wakati, mashine nzima imekwenda. Mtu huyu ninamshauri atafute kasha dogo linalopokea vipuri vya ukubwa kamili: kadi ileile inayokaa katika kasha kubwa, kipoza joto cha maana, na pawa saplai inayobadilishika. Makasha ya namna hiyo ni mengi siku hizi, na mengi yanapendeza kuliko yanavyofaa.

Tuweke kando kwanza vile vijikasha vya HP EliteDesk na Dell OptiPlex vinavyokuja vikiwa vimeshatumika ofisini ng'ambo, vilivyojaa katika maduka ya Nairobi. Kwa saiba na kwa maabara ya shule ni mashine nzuri, na bati lake ni imara kweli. Ila vile vyembamba hupokea kadi za kimo cha nusu tu, pawa saplai zake nyingi hazifikishi wati 300, na umbo lake ni la kampuni yenyewe, hivyo huwezi kuichomoa ukaweka nyingine ya dukani. Usidanganywe kwamba fundi atakata bati na kadi kubwa itaingia. Itaingia, na haitapata umeme.

Tatizo la makasha madogo lilianza pale ubao ulipopungua huku kadi ikinenepa. Ubao wa ATX, uliotolewa na Intel mwaka 1995, una milimita 305 kwa 244. Mwaka 2001 kampuni ya VIA wakaleta mini-ITX wa milimita 170 kwa 170, wenye nafasi moja tu ya kadi. Ukiutazama ubao huo unadhani kompyuta nzima itaenea kwenye kibegi. Kisha pima kadi ya RTX 4090 iliyotengenezwa na Nvidia wenyewe: urefu milimita 304, kimo 137, unene 61, na inakula wati 450. Ndiyo maana ninaposhika kasha dogo siulizi habari za ubao. Ninauliza kadi italala wapi, itapumua kutoka wapi, na waya wake utapindia wapi.

Swali hilo la waya ndilo linalosahaulika. Karatasi ya kasha hutaja urefu wa kadi, mara nyingine na unene, lakini plagi ya umeme huchomekwa ubavuni mwa kadi, na waya wake unahitaji sentimita 3.5 hivi kabla ya kupinda. Paneli ikiusukuma, plagi hulegea, na plagi iliyolegea kwenye kadi ya wati mia kadhaa inaweza kuyeyuka. Chukua kimo cha kadi, ongeza hizo sentimita 3.5, kisha linganisha na upana wa ndani uliopimwa kwa futi yako mwenyewe. Ukitaka usumbufu upungue, kadi kama RTX 4070 ya Nvidia, yenye urefu wa milimita 244, kimo 112 na wati 200, huingia karibu kila mahali na kazi ya video inaiweza vizuri.

Lita nazo zisikuyumbishe. Cooler Master wanasema kasha lao la NR200 la mwaka 2020 ni lita 18.25. Ni kweli ukizidisha milimita 360 kwa 185 kwa 274. Ukihesabu pamoja na miguu na vinavyochomoza, vipimo ni 376 kwa 185 kwa 292, yaani lita 20 na kitu. Hakuna udanganyifu hapo, kila mtengenezaji ana pa kuanzia kupima. Wewe jua tu kwamba begi lako litabeba lile la pili.

Sasa hewa, na hapa Kalama ina masharti yake. Machakos iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Feni ikizunguka kwa kasi ileile, inabeba joto pungufu. Vipimo vya joto unavyosoma mara nyingi vilichukuliwa katika maabara za nyanda za chini, kwa hiyo usinunue kasha ambalo hata huko lilikuwa linafika ukingoni. Kisha kuna vumbi jekundu la kiangazi, laini, linaloingia hata dirisha likiwa limefungwa. Kasha lenye kioo ubavuni na tundu chache chini hugeuka kama jiko lililozibwa mlango. Mimi huchagua paneli ya wavu wa chuma mbele ya kadi, yenye chujio linalotoka kwa kuvutwa bila bisibisi, maana chujio linalohitaji bisibisi halisafishwi kamwe. Shika wavu uelekeze juani: ukiona mwanga mwingi kuliko chuma, hewa itapita.

Ufundi wa bati lenyewe unaonekana kwa vidole, na fundi yeyote wa jua kali anayekunja masanduku ya shule atakuonyesha. Pitisha kidole kwenye kingo za ndani. Kasha jema limekunjwa kingo zake, halikati mkono wala waya. Bonyeza paneli katikati: ikinepa na kutoa sauti, bati ni jepesi mno, na feni zitalifanya lilie. Toa skrubu na kuirudisha mara kadhaa. Uzi uliotobolewa moja kwa moja kwenye bati jembamba huchakaa upesi, ilhali kasha hili litafunguliwa mara nyingi kuliko kasha lolote kubwa. Weka kasha mezani, ligonge kona moja; likiyumba, kiunzi hakiko pembe mraba na kadi haitakaa sawa na tundu zake.

Katika makasha ambamo kadi hukaa mgongoni mwa ubao, kama DAN A4-SFX ya lita 7.2 au Fractal Terra ya lita 10.4, kadi huunganishwa kwa kebo bapa. Uliza kizazi cha PCIe, njia ya data kati ya kadi na ubao, ambacho kebo hiyo imetengenezewa. Ikiwa ni ya PCIe 3 na kadi ni ya PCIe 4, picha inaweza kukosekana au mashine ikazima hovyo mpaka upunguze kasi kwenye mipangilio ya ubao. Kagua pia inavyofungwa. Mwaka 2021 kampuni ya NZXT iliagiza makasha yake ya H1 yarudishwe kwa sababu skrubu zilizoshikilia kebo hiyo kwenye kasha zingeweza kugusa njia ya umeme na kuwasha moto. Skrubu mbili tu, katika kasha la bei ghali na sura nzuri.

Mwisho, mwombe muuzaji alifungue mbele yako. Kufikia kipoza joto kusikulazimishe kutoa kadi, na kutoa pawa saplai kusikulazimishe kutoa kila kitu. Pawa saplai iwe ya SFX ya kawaida, milimita 125 kwa 63.5 kwa 100, ili ikifa uagize nyingine Nairobi. Na kama barabara yako ya nyumbani ina mashimo, kadi nzito isafiri imetolewa, imefungwa kwa nguo.

Kwa Kalama, nikilinganisha lita 10 zenye kioo na lita 18 zenye wavu, ninachukua za wavu bila kusita, na pesa zinazobaki ninanunulia feni mbili nzuri.