Kutoka Ngamani Hadi Tezini

Jahazi halina mahali pachafu kama ngama. Ni pale chini kabisa, juu ya mkuku, yanapokusanyika maji yaliyopenya katika viungo vya mbao, yakachanganyika na mafuta ya samaki, makumbi ya nazi na kila kilichodondoka kutoka juu. Hapo ndipo anapoanzia kijana. Hupewa upo, huinama, hukumba maji, humwaga nje, hukumba tena. Usiku haumpunguzii kazi, maana chombo cha mbao huvuja hata kikiwa kipya.

Kutoka ngamani hadi tezini, anapoketi nahodha karibu na kana ya usukani, ni hatua chache tu. Mabaharia wa mwambao walitumia nusu ya umri wao kuzipiga hatua hizo, na wengi hawakuzimaliza.

Safari hiyo haikuwa na cheti wala mtihani wa karatasi. Mtoto aliyechoka kukumba maji alipelekwa kwa mpishi, akawasha moto ndani ya sanduku lililojazwa mchanga ili chombo kisiungue. Huko alijifunza upepo kabla ya kujua kwamba anajifunza: moshi ukimwingia machoni alijua pepo zimegeuka, na ubwabwa ukimwagika alijua bahari imeanza kuchafuka. Baadaye alipewa kamba. Alijua demani, kamba ya tanga, inavyochuna viganja, na foromali, boriti yake, inavyokuwa nzito tanga likiloa. Msimu wa pepo ukiisha na chombo kikipandishwa pwani, alichuchumaa ubavuni mwake siku nzima akikalafati, akisukuma pamba katika nyufa za mbao, kisha akapaka deheni sehemu inayokaa majini. Aliyeziba ufa kwa mkono wake hausahau. Miezi mitatu baadaye, katikati ya mkondo, chombo kikilia kwa namna fulani, anajua ni ubao upi unaolalamika.

Mshahara wa mwezi haukuwapo. Faida ya safari iligawanywa mafungu, la chombo na la watu, na fungu la nahodha lilizidi la baharia. Kati yao alikuwapo serehangi, msimamizi wa mabaharia, ambaye bado anashika kamba lakini tayari sauti yake inaamrisha wengine. Pengine hicho ndicho cheo kigumu kuliko vyote chomboni. Serehangi anakula na wenzake, analala nao, kisha alfajiri anawaamsha kwa ukali. Mwenye kuvuka hapo bila kuchukiwa na bila kudharauliwa, wenye vyombo walianza kumtazama.

Neno lenyewe, nahodha, lilitoka Uajemi: nav ni chombo, khuda ni bwana. Bwana wa chombo, basi. Ni neno la enzi, nalo limevuka bandari nyingi kabla ya kutua katika Kiswahili. Lakini katika maandishi ya kale ya wanamaji Waarabu liko neno jingine linalostahili kutazamwa zaidi. Aliyeongoza chombo kwa nyota aliitwa mu'allim. Waswahili wanalijua: ni mwalimu, yule yule wa darasani na wa chuoni. Katika Bahari ya Hindi, kwa karne nyingi, anayejua njia na anayefundisha waliitwa jina moja.

Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, alikuwa mwalimu wa namna hiyo. Babu yake alikuwa mwalimu wa bahari, na baba yake vilevile. Baba huyo alitunga shairi refu kuhusu njia za Bahari ya Shamu, ambayo kwa miamba yake si bahari ya mtu wa kubahatisha. Ibn Majid aliyapokea waliyoyajua, akayapima kwa safari zake mwenyewe, akasahihisha na kuongeza, na mnamo mwaka 1490 akakamilisha kitabu chake kikuu cha elimu ya bahari, Kitab al-Fawa'id. Mwambao wa Afrika Mashariki hadi Sofala aliutungia shairi pia. Njia hizi zilitungiwa mashairi kwa sababu ya msingi sana: baharia hana mkono wa tatu wa kushikia kitabu. Mmoja umeshika kamba, mwingine kamali, kile kibao chenye uzi uliopigwa mafundo, ambao mwisho wake huumwa kwa meno ili kupima kimo cha nyota juu ya upeo wa bahari. Elimu lazima ikae kichwani, na shairi hukaa.

Kinachogusa katika habari za Ibn Majid ni kwamba alipofika kilele cha ujuzi hakuufunga sandukuni. Aliwaandikia watakaoshika usukani baada yake, watu ambao hangewaona.

Uongozi wa nahodha unaonekana wazi zaidi pale chombo kinapogeuzwa. Tanga la jahazi ni la pembe tatu, limefungwa kwenye foromali, boriti ndefu ambayo katika vyombo vikubwa hukaribia urefu wa chombo chenyewe. Ili tanga lihamie upande wa pili, chombo hugeuzwa hadi upepo uvume kwa nyuma. Foromali husimamishwa wima sambamba na mlingoti, ncha yake ya chini hupitishwa mbele ya mlingoti, tanga likipeperuka bila kizuizi huko omo, kisha demani hukimbizwa kwenda upande mwingine kabla upepo haujalijaza tanga tena. Kila mtu ana kamba yake. Mmoja akichelewa, foromali inaweza kuvunjika, au kumvunja mtu. Wakati huo wote nahodha hagusi kamba. Anatazama tanga, anatazama wimbi, anahesabu pumzi za watu wake, kisha anatoa neno.

Anawezaje kuzihesabu? Kwa sababu mabega yake yanakumbuka. Aliivuta foromali hiyo miaka mingi, anajua mvuto wa ngapi ndio unaokata nguvu, na anajua wimbo wa mabaharia ukishuka sauti mikono imeanza kuteleza. Nahodha aliyerithi chombo bila kupitia ngamani hutoa amri ile ile, kwa maneno yale yale, mapema kidogo au akiwa amechelewa kidogo. Baharini hicho kidogo kina gharama. Hapa ndipo ilipo heshima ya kazi hii: mikono hutulia tezini ikiwa bado inafanya kazi kwa ndani, na aliyekuwa hodari wa kuvuta hulazimika kuvumilia kumwona mwingine akivuta vibaya, ajifunze.

Mtu mmoja aliyeyashuhudia haya kwa karibu alikuwa Alan Villiers wa Australia. Alianza ubaharia akiwa na miaka 15 katika merikebu za tanga, akapanda hadi kuwa nahodha wa merikebu yake, Joseph Conrad, aliyoizungusha dunia kati ya 1934 na 1936. Pamoja na cheo hicho, miaka miwili baadaye alikwenda Aden kujifunza tena kama mwanafunzi. Alipanda chombo cha Kuwait chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, wakashuka na kaskazi ya 1938 na 1939 hadi Mogadishu, Zanzibar na delta ya Rufiji, ambako mabaharia walipakia boriti za mikoko wakiwa wamezama katika tope, na wakarudi Ghuba kwa kusi. Kitabu alichokitoa mwaka 1940, Sons of Sinbad, kimejaa heshima ya fundi kwa fundi mwenzake. Macho yake hayakuwa ya mtalii. Yalijua pa kutazama. Na al-Nejdi mwenyewe alifia baharini mwaka 1979 alipokuwa ameenda kuvua.

Mafundi wa kuunda vyombo nao wana ngazi zao. Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, jahazi huundwa bila mchoro wa karatasi. Kijana hutoboa mbao kwa keke, huokota vipande, hushikilia taruma wakati mwingine akipiga msumari, hadi siku fundi mkuu anapomkabidhi tezo achonge ubao utakaoonekana. Fundi Ali Skanda wa Lamu, aliyezaliwa katika ukoo wa mafundi wa majahazi, aliupeleka ujuzi huo mahali ambapo wazee wake hawakupajua: aliongoza kazi ya kuunda Flipflopi, jahazi la mita 9 lililotengenezwa kwa tani kama 10 za taka za plastiki na kufunikwa kwa kandambili zilizookotwa ufukweni. Lilishushwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Plastiki haina nyuzi kama mti na hupinda pasipotarajiwa. Hakukuwa na mzee wa kuulizwa. Fundi aliyezoea kufundisha alirudi kuwa mwanagenzi mbele ya vijana wake, akijaribu, akikosea, akichonga upya, nao wakimtazama. Ni vigumu kufikiria somo bora zaidi ambalo kiongozi anaweza kuwapa watu walio chini yake.

Siku hizi mashine imelipunguzia tanga kazi, na mizigo mingi hupita barabarani. Lakini wakati wa Maulidi, watu wa Lamu hujaa pwani yote kutazama mashindano ya majahazi. Vyombo hulala upande mmoja, mabaharia wakihamisha viroba vya mchanga kwenda upande wa upepo, wengine wakining'inia nje juu ya ubao ili kukisawazisha chombo. Nahodha ameshika kana, jicho lake liko kwenye tanga, midomo imefumba. Chini ya miguu yake, ngamani, yuko kijana mdogo kuliko wote, ana dumu la plastiki lililokatwa nusu, anakumba maji haraka haraka. Haoni mashindano. Anamsikia tu nahodha akiguna, naye, bila kuambiwa, anasogea upande wa pili na kuendelea kukumba.