Jina la Fumbo na Maana Yake

Watoto wetu hukariri shuleni: tashbihi hulinganisha kwa neno «kama», sitiari huliacha neno hilo na kusema, mtu huyu ni simba. Vema. Lakini ajuaye jina la jembe hajalima bado.

Tutwae Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotolewa mwaka 1951, Tanganyika ikitawaliwa na Waingereza. Nchi yake iko angani. Waziri Majivuno amshtaki Karama kwa kufundisha watu sheria. Naye ajitetea kwa habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema, wakarudi wakatiwa kifungoni. Asomaye juujuu aona hekaya tu. Kumbe hadithi nzima ni sitiari moja ndefu: hakutajwa mtawala yeyote, lakini kila mtawala mdhalimu aweza kujiona humo.

Lina kasoro pia fumbo hilo. Jina Majivuno latuambia mapema nani mbaya, wala msomaji haachiwi kumtambua mwenyewe.

Basi, ukikutana na fumbo, usitosheke na jina lake. Uliza: lasema nini ambalo neno la wazi lisingeweza kulisema?