Mafundi wa Giza

Mlangoni mwa stesheni ya Covent Garden, London, muuza magazeti amekaa mahali pake pa kila siku. Geti limefungwa. Mtaa umenyamaza mchana kweupe. Wasafiri waliotoka chini ya ardhi wanamsemesha, naye haitiki. Ndipo tunapomwona vizuri na kugundua kwamba amefunikwa na utando unaofanana na wa buibui, na kwamba ameshakufa. Hakuna damu. Tukio zima limehitaji mwigizaji mmoja, geti moja na nyuzi nyeupe, lakini kuanzia hapo mtazamaji anajua kwamba jiji lote limekwisha, na hakuna aliyemwambia.

Hiyo ni sehemu ya kwanza ya The Web of Fear, kisa cha sehemu sita cha mfululizo wa Doctor Who, kilichorushwa na BBC kila Jumamosi kuanzia tarehe 3 Februari hadi 9 Machi 1968, kwa picha nyeusi na nyeupe. Nimekuwa nikikirudia kwenye DVD, usiku, taa za sebuleni zikiwa zimezimwa, na kila ninapokirudia heshima yangu kwa waliokitengeneza inazidi. Wapo wanaotazama kazi za zamani kwa huruma, wakiwasifu watu kwa kujitahidi na vifaa duni. Mimi sina huruma hiyo. Waliofanya kazi hii walikuwa mafundi kamili, na mali ghafi yao ilikuwa giza.

Kisa chenyewe kiliandikwa na Mervyn Haisman na Henry Lincoln. Daktari, msafiri wa nyakati na sayari anayechezwa na Patrick Troughton, anafika London pamoja na wenzake wa safari, Jamie na Victoria, na kukuta watu wamehama. Ukungu umeziba mitaa, na chini, katika mahandaki ya reli, utando mzito unasogea na kuziba njia moja baada ya nyingine. Ndani yake yanatembea madubwana yenye manyoya, Yeti, yanayotumwa na akili isiyo na mwili. Kikosi kidogo cha wanajeshi kimejichimbia kwenye handaki la kina kirefu lililopo Goodge Street. Handaki hilo ni la kweli: lilichimbwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, likatumiwa na makao ya Jenerali Eisenhower. Watu wa London waliokuwa wakitazama mwaka 1968 walizikumbuka vizuri stesheni za chini ya ardhi, maana wengi walilala humo mwaka 1940 na 1941 mabomu yakianguka juu yao. Mahali palipowaokoa ndipo waandishi walipomwingiza adui. Shambulio la namna hiyo halihitaji maelezo marefu.

Madubwana hayo yalikuwa yameshaonekana miezi michache nyuma, katika kisa kilichodai kutokea milima ya Himalaya na ambacho picha zake za nje zilipigwa kwenye bonde la Nant Ffrancon, Wales. Huko, kwenye mwanga wa mchana, mtu angeweza kuyapenda. Yalikuwa manene, ya duara, yenye manyoya ya kukumbatiwa. Kwa kisa cha pili yalibadilishwa sura na kutiwa macho yanayowaka. Badiliko kubwa zaidi, hata hivyo, lilikuwa la mahali. Mwongozaji Douglas Camfield aliyaondoa kwenye uwanda wa wazi akayapeleka mahali ambapo jicho haliyamalizi kuyaona. Unaona macho mawili ya moto kwenye mviringo mweusi wa handaki. Unaona bega likipita nyuma ya taa ya askari. Mwili wote unapokuja kutokea, akili yako imeshaumba kitu kikubwa kuliko vazi ambalo mtu amelivaa.

Kwa kawaida tunadhani giza kwenye picha ni kukosa mwanga. Fundi wa taa anajua kwamba giza linajengwa. Kwenye picha nyeusi na nyeupe huna nyekundu ya kumtenga mtu na ukuta, huna bluu ya kusema sasa ni usiku. Una kijivu tu, ngazi nyingi za kijivu, na lazima uamue kila kitu kisimame ngazi ipi. Katika mahandaki ya Camfield reli zinang'aa kidogo, kofia ya chuma inang'aa zaidi, uso uko katikati, na kuta zinayeyuka taratibu mpaka huoni zinaishia wapi. Mtazamaji hupima urefu wa handaki kwa kuyeyuka huko. Handaki likawa refu, na kumbe lilikuwa studio.

Mahandaki hayo yalikuwa kazi ya mbunifu wa mandhari David Myerscough-Jones. BBC haikupata kupiga picha kwenye reli yenyewe kwa masharti iliyoyaweza, kwa hiyo Myerscough-Jones alijenga vipande vya handaki ambavyo vingeweza kupangwa na kupanguliwa, kona moja ikawa kona kumi. Inasimuliwa mpaka leo kwamba baada ya kisa kurushwa, wenye reli walilalamika wakidhani watu wa televisheni wamepiga picha chini kwao bila ruhusa. Ukitazama DVD kwa makini, ukisimamisha picha na kuirudisha nyuma, bado huwezi kuona ni wapi alipodanganya. Nimejaribu.

Ikumbukwe pia namna kazi ilivyofanyika. Waigizaji walifanya mazoezi kwa siku kadhaa, kisha sehemu nzima ya dakika zipatazo 25 ikarekodiwa kwa kikao kimoja, kamera kadhaa zikizunguka studioni, kwa mfuatano unaokaribia ule wa jukwaani. Kukata na kuunga kanda ya video kulikuwa ghali na kugumu, hivyo makosa madogo yaliachwa. Mwongozaji wa namna hiyo huamua kila kitu kabla: kamera ya pili itakuwa wapi wakati ya kwanza inahama, nani atapita mbele ya nani, kivuli kitaanguka ukuta upi. Matukio yaliyohitaji uhuru zaidi yalipigwa kwa filamu nje ya vikao hivyo, na hapo Camfield alijimwaga kweli. Katika sehemu ya nne wanajeshi wanatoka juu ya ardhi na kupambana na Yeti kwenye mitaa na maghala ya Covent Garden. Camfield alikuwa amewahi kuwa afisa wa jeshi, na inaonekana: askari wake wanakimbia kwa zamu, wanafunikana kwa risasi, wanajua la kufanya, na wanakufa hata hivyo. Anayerudi handakini ni kanali wao peke yake. Sijui pambano lingine la televisheni ya miaka ile lililopangwa kwa akili namna hii.

Sauti ndiyo nusu ya pili ya giza. Doctor Who ilibahatika kuzaliwa mwaka 1963 jirani na Radiophonic Workshop ya BBC, karakana ambamo Delia Derbyshire aliuchukua wimbo wa mfululizo huo ulioandikwa na Ron Grainer akautengeneza kwa kukata na kuunga vipande vya kanda, noti moja moja, bila bendi. Mwenzake Brian Hodgson ndiye aliyekwaruza ufunguo wa nyumba kwenye nyuzi za piano kuukuu ili kupata sauti ya chombo cha Daktari kinapoondoka. Watu hawa walifundisha masikio ya nchi nzima kuogopa kisichoonekana. Kwenye The Web of Fear mtu anasikia mlio mahali fulani mbele, kwenye handaki, na kamera inabaki juu ya uso wa anayesikiliza. Nyuma ya mlio huo panaweza kuwa na chochote.

Katika sehemu ya pili Daktari hayupo kabisa. Troughton alikuwa likizoni. Sehemu ya kwanza inaisha akiwa karibu na baruti inayolipuka, kisha dakika 25 zinapita hatumwoni, na hofu ya Jamie na Victoria kwamba amekufa inakuwa hofu yetu. Ratiba ya mapumziko ya mwigizaji imegeuzwa kuwa uzi wa hadithi, na ukitazama bila kuambiwa huwezi kuotea.

Niongeze neno juu ya waigizaji, maana taa peke yake haitishi. Tangu katikati ya kisa tunajua kwamba mmoja wa watu wa handakini anatumiwa na adui, na kila mtu anamshuku kila mtu. Jack Woolgar anamcheza Sajini Arnold, mtu mzima, mchapakazi, mwenye sauti ya baba wa kikosi, ambaye askari vijana wanamtegemea. Nikirudia kisa hiki nikiwa ninajua mwisho, macho yangu hayambanduki. Woolgar hakupepesa hata mara moja. Hakutupa jicho la kijanja kwa kamera, hakutoa dokezo la bei rahisi. Kwa hiyo ukweli unapofichuka unauma, kwa sababu mtu mwema tuliyempenda alikuwa ameshachukuliwa. Mwisho wenyewe, na mtambo wake wa piramidi ya kioo, nauona dhaifu kuliko yote yaliyotangulia. Lakini hata hapo Troughton anaokoa jambo, akiwaka hasira kwa marafiki waliomnasua, kwa kuwa wameuvuruga mpango wake wa kummaliza adui kabisa. Shujaa anayeudhika kwa kuokolewa: waandishi wangapi wangethubutu?

Kazi hii yote ilikuwa imepotea. Kanda za video za wakati ule zilikuwa na bei kubwa, na BBC ilizifuta ili izitumie tena. Kabla ya kufutwa, visa vingi vilinakiliwa kwenye filamu ya milimita 16, kamera ikielekezwa kwenye kioo cha televisheni, na nakala hizo zikauzwa kwa vituo vya nchi za nje, Afrika ikiwemo. Kwa miaka mingi, sehemu iliyobaki ya The Web of Fear ilikuwa ya kwanza tu. Ndipo Philip Morris, mtafutaji wa filamu zilizopotea, alipokuta makopo kwenye rafu za kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Mnamo Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa zilizokuwa hazipo zimerudi: nne za kisa hiki na tano za The Enemy of the World, kisa kilichokitangulia. Kisa cha London kilihifadhiwa na rafu ya Kiafrika baada ya London yenyewe kukifuta. Nikiwa Mtanzania wa Bara, ambako televisheni ilikuja mwaka 1994, jambo hilo linanigusa. Njia yangu ya kukifikia kisa hiki ni diski, na diski imewezekana kwa sababu watu wa Jos hawakutupa makopo.

Ila filamu iliyokaa miongo minne rafuni haitazamwi hivi hivi. Ina vumbi, mikwaruzo na mitetemo. Hapa ndipo mafundi wa pili wanapoingia, na kwangu hawa ni ndugu wa wale wa kwanza. Kufuta mkwaruzo juu ya uso wenye mwanga ni kazi ya subira. Kufuta mkwaruzo ndani ya giza ni kazi ya hukumu: ukisafisha kupita kiasi unafuta punje za picha na handaki linageuka ukuta mweusi mfu, ukiongeza mwanga ili kila kitu kionekane, umeua kazi ya Camfield na Myerscough-Jones kwa nia njema. Nilishawahi kuona nakala mbovu za visa vya miaka hiyo, zilizonakiliwa kutoka mkanda hadi mkanda, ambamo giza lote limekuwa uji wa kijivu. Hakuna anayeogopa uji. Kwenye DVD ya mwaka 2014 ngazi za kijivu zimerudi mahali pake, moja baada ya nyingine, na handaki limerudia urefu wake.

Sehemu ya tatu haikurudi. Kwa maelezo ya Morris, alipozitambua filamu kwa mara ya kwanza ilikuwepo pamoja na nyingine, na zilipokuja kuchukuliwa ilikuwa imetoweka. Hasara yake ni kubwa kuliko dakika zake, kwa sababu humo ndimo Nicholas Courtney anapoonekana kwa mara ya kwanza akiwa Kanali Lethbridge-Stewart. Nafasi hiyo alikuwa amepewa mwigizaji mwingine aliyejitoa. Courtney alikuwa acheze kapteni tu. Baadaye kanali akapandishwa kuwa Brigedia, na Courtney akamcheza kwa miongo. Alifariki mwaka 2011, miaka miwili kabla ya habari za Jos.

Sauti ya sehemu hiyo ipo, kwa kuwa mashabiki waliirekodi majumbani kwao kwa vinasa sauti siku iliporushwa. Zipo pia picha mnato alizopiga John Cura, aliyefanya biashara ya kupiga picha kioo cha televisheni programu ikiendelea na kuwauzia watengenezaji wa programu hizo. DVD ya mwaka 2014 iliunganisha vitu hivyo viwili: sauti inakwenda, picha zinabadilika moja moja. Mwaka 2021 kisa kilitolewa upya, sehemu ya tatu ikiwa imetengenezewa katuni ya kompyuta. Najua kwa nini walifanya hivyo, na mtoto anayekutana na kisa kwa mara ya kwanza pengine atafurahia zaidi kuona watu wakitembea. Mimi huchagua picha za Cura. Katuni inajaza kila pembe ya handaki, na aliyeichora amelazimika kuamua nini kipo kwenye pembe zile ambazo Camfield aliziacha nyeusi. Picha za Cura zilitoka kwenye kioo chenyewe, siku yenyewe, na taa zilizowekwa na mafundi wenyewe. Zimesimama, lakini giza lililomo ndani yake ni lao.